Dawa ya Bwawa la Mzee Luhaga

Kwanza tuelewane: katika mji huu wa Mwanza hajazaliwa mtu wa kumwingiza mjini Venant Mayala. Najua nyie abiria wa Misungwi mmesikia vingine. Habari za uongo hupanda basi bila nauli. Mimi nimehadithiwa na mtu aliyekuwa karibu sana na mambo yenyewe, kwa hiyo kaeni, kunyweni chai, nisikilizeni. Na msiijali hii leso mdomoni, jino linanisumbua.

Venant ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, mtanashati, ana sauti ya mtangazaji wa redio. Kasoro yake ni moja tu, kisigino cha kiatu cha kushoto, kilichoisha kwa kutembea kutoka Butimba kila asubuhi. Mwaka huu maduka ya umma yanafungwa moja baada ya jingine na kila mwenye akili amekuwa mfanyabiashara. Duka moja la vifaa vya shule lilipofungwa, Venant alisaidia kubeba makabati, akalipwa boksi la makopo ya unga wa wino wa bluu. Ule wino wa kukoroga na maji, wa kalamu za kuchovya. Nani anachovya siku hizi? Boksi likakaa uvunguni miezi miwili, likimtazama.

Jumatatu iliyopita alikuwa amekaa hapa hapa, kwa huyu huyu Paskazia anayewamiminia chai. Paskazia, ambaye hana siri ila zile ambazo hajaambiwa, akasema Mzee Luhaga wa Isamilo anakonda. Mzee huyo alitajirika kwa kuuza mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, akaona bwawa la maua kwenye hoteli moja, akachimba la kwake nyuma ya nyumba, akatia sato. Sasa maji yamekuwa kijani kama mlenda, na Jumamosi wakwe wanakuja kumtolea mahari binti yake, Rebeka.

"Katia chumvi, katia dawa ya kufulia," alisema Paskazia. "Sato wawili wamekufa, utando upo pale pale. Anasema atakayeyatakasa maji yale kabla ya Jumamosi anachukua baiskeli."

"Baiskeli gani?"

"Mpya. Bado ina makaratasi."

Venant aliinama akatazama kisigino chake. Chai hakuimaliza.

Mchana ule ule alikuwa Isamilo, amevaa tai, amebeba makopo matatu ya mafuta ya kujipaka yaliyojazwa unga wa wino. Mzee Luhaga alikuwa amesimama kando ya bwawa kama mtu aliyefiwa. Mkewe, Mama Rebeka, alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzetu?"

"Mtaalamu wa maji, mzee. Haya maji yako yanaumwa."

"Hilo naliona. Yanaumwa nini?"

"Yanaumwa jua," alisema Venant, kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya. "Mwani unakula jua. Dawa hii inayapaka maji rangi ya bahari, jua halipiti, mwani unakufa njaa. Wenzetu wa Ulaya hawatumii nyingine."

Sasa hapo alikuwa anabuni, lakini naambiwa kitu hicho ni kweli kabisa. Ndiyo akili ya kijana huyu: hata akidanganya, anakosea na kusema ukweli.

Mzee alianza kutabasamu. Mama Rebeka akanyoosha mkono, akapewa kopo moja, akanusa.

"Mh," alisema, akalirudisha, akaendelea na maharage.

"Dawa nzuri," alisema Mzee Luhaga. "Lakini sisi kwetu, mwenye dawa huanza yeye kuionja, mgonjwa anafuata. Hata babu yangu alikuwa hatibu ng'ombe kabla ya kunywa mwenyewe."

"Mzee, hii si dawa ya kunywa. Ni ya maji."

"Na hao sato tutawala," alisema Mama Rebeka bila kuinua macho. "Kikipita kwa sato, kinafika kwetu. Ngoja nikuletee kikombe."

Alikileta kile kikubwa, cha bati. Akatia unga vijiko viwili, akatia maji kidogo kwanza, akakoroga mpaka mabonge yakaisha, ndipo akaongeza maji. Mkono wake ulikwenda taratibu, kama mkono uliokwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi. Venant hakuliona hilo. Alikuwa anatazama barazani, ambako kengele ya baiskeli ilikuwa inang'aa ndani ya karatasi.

Akanywa. Mwanaume mwingine angekimbia; yeye alimaliza kikombe, akashukuru.

"Huyu ni mganga," alisema mzee kwa heshima. Wakamwaga makopo matatu bwawani, maji yakawa ya bluu, mzee akasimama akiyatazama kama mtu aliyenunua kipande cha mbingu.

"Basi mzee, ile baiskeli..."

"Mgonjwa akipona, mwanangu. Ujira wa mganga hutoka mgonjwa akipona. Nenda mjini, urudi Ijumaa."

Venant aliomba maji ya kunawa, na chooni kulikuwa na kioo. Midomo ilikuwa ya bluu. Meno yalikuwa ya bluu. Ulimi, alipoutoa, ulikuwa kama wa mtu aliyeramba wino wa darasa zima. Alisugua kwa sabuni, alisugua kwa mchanga, rangi ikazidi kukolea. Na tapeli, samahani, mtaalamu, anaishi kwa mdomo wake. Mjini asingeuza hata kiberiti.

Alipotoka, Mama Rebeka alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mbili.

"Naona huendi mjini," alisema. "Vizuri. Chakula kipo, stoo ina mkeka. Na kuna kazi ndogo ndogo za kukupotezea muda."

Jumanne aliopoa utando kwa chandarua kibovu mpaka mgongo ukagoma. Jumatano alichota nusu ya maji, ndoo kwa ndoo, akamwagilia migomba. Alhamisi alizama kiunoni akatoa tope la chini, tope ambalo lilikuwa linanuka zizi, kwa sababu mzee alikuwa anatupia humo samadi na pumba kila asubuhi, eti sato wanenepe. Mama Rebeka alimpiga mumewe marufuku hapo hapo. Ijumaa Venant alisimamisha nguzo na chanja ya kivuli, akajaza maji safi, akapanda yungiyungi kutoka ziwani ili majani yafunike uso wa maji. Mama Rebeka alielekeza yote kutoka kwenye kigoda, akiwa na maharage yake.

Jioni ile walikuwa wanawaona sato waliobaki, watatu, na sahani ya bati iliyopotea tangu Pasaka.

"Dawa kiboko," alisema Mzee Luhaga, akaenda kuwaambia majirani.

Venant akajifuta matope. "Mama, mgonjwa amepona. Nilikuwa naulizia baiskeli."

"Amepona kwa dawa au kwa ndoo?"

"Kwa dawa, mama."

"Unga ule nimeukoroga miaka kumi na miwili, darasa la tatu mpaka la saba, kabla sijaacha ualimu. Naujua kwa harufu. Ukisema ni dawa, nitamweleza mzee ni dawa gani, naye ana ndugu wengi Misungwi. Ukisema ni ndoo, basi wewe ni kibarua, na kibarua hapa alikubaliana nasi chakula na malazi. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Basi tumelipana."

Watu wasiomjua Venant wanadhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Alimtazama yule mama machoni, akamwambia maneno mazito ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima, na jana asubuhi, wakwe wakiwa wanaingia kwa vigelegele, yeye alitoka Isamilo juu ya baiskeli mpya, kengele inalia mpaka...

"Baiskeli hiyo," alisema Paskazia, akiweka birika chini, "leo asubuhi mzee kaenda nayo kanisani."

Huenda anazo mbili. Matajiri hawa...

"Na jana asubuhi ulipita hapa kwa miguu, umebeba ndoo ya tope, ukaniuzia kwa maandazi mawili. Ukasema ni mbolea nzuri ya mchicha. Ukayala umegeukia ukutani."

Abiria wote wa Misungwi waliacha kunywa.

"Ondoa leso, Venant," alisema. "Chai yako inapoa."