Unga, Nyambizi na Kipara

Jumatatu, 3 Machi
Redio imenitia kiwewe. Serikali inafikiria kufuta ushuru wa ngano ya nje. Kufuta! Na mimi stoo ya duka imejaa unga nilioununua ghali kwa ajili ya ushuru huohuo! Unga wa bei chee ukiingia, nimekwisha. Mke wangu kaniuliza kama nimeona jini. Afadhali jini.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Nimemnong'oneza kinyozi, asimwambie mtu, kwamba mataifa makubwa mawili yanagombana huko baharini na meli za ngano huenda zisipite. Kinyozi kaapa kunyamaza. Kabla ya adhuhuri huyo Kipara! Ni mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara, hasimu wangu tangu shule. Hana unywele hata mmoja, lakini kwa kinyozi hakosekani. Kaja na mkokoteni, kazoa unga wote kwa pesa taslimu. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 5 Machi
Sicheki tena. Mteja wa kwanza kasema manowari zimetanda. Wa pili kaongeza nyambizi. Halafu mwalimu mstaafu, mtu asiyejua uongo, kasema bandari itafungwa mwaka mzima. Nikajituliza: uvumi huu nimeuzua mwenyewe. Lakini nyambizi sikuzitaja! Basi kuna ukweli. Na stoo yangu tupu! Wanangu watakula nini? Nimevuka barabara nikamwangukia Kipara anirudishie unga wangu. Kakubali, kwa bei maradufu, huku akinipa pole kwa sauti ya msibani.

Alhamisi, 6 Machi
Ushuru umefutwa. Meli zimetia nanga salama salimini. Manowari hakuna, hata mtumbwi. Kipara kashusha bei ya mikate, na foleni yake imeziba mlango wangu. Mke wangu kakunja nguo za watoto, kaenda nao kwa dada yake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemfuata. Nimeapa mbele ya shemeji yangu kwamba maneno ya vinyozi basi. Karudi, alhamdulillahi! Na mimi nikiahidi nimeahidi.
Lakini fundi viatu si kinyozi. Yeye anamshonea viatu ofisa wa forodha, na jioni hii kaniambia sukari itaadimika. Stoo haina nafasi.
Mvunguni ipo.