Wateja Nao Wapimwe

Ndugu Meneja wa Ghala,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, maana si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi ni mfungashaji wa meza ya pili, mwaka wa kumi na tisa sasa. Tangazo la ukutani linasema kila mfungashaji atapimwa ni oda ngapi kati ya mia zimemfikia mteja bila kosa, na atakayekuwa chini ya tisini na nane mwisho wa mwezi ataondolewa mezani na kupelekwa getini, kufungua na kufunga. Mimi nimepewa sitini na moja. Nimeumia, na ninalalamika kama ifuatavyo:

1. Anayenipima ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye nilimbembeleza akiwa hana hata jino. Nyumbani ananiita Mjomba. Ghalani ananiita Meza ya Pili, tena bila kutabasamu.

2. Oda ikiwa na vitu kumi, nikapatia tisa, oda nzima inaandikwa kosa. Shuleni kwa tisa ningepigiwa makofi.

3. Wateja hawajui wanachokitaka. Kinyozi wa karibu na stendi aliagiza mafagio sita. Mimi ninanyolewa kwake na nilijua shida yake ni kioo, kwa hiyo nikampelekea kioo. Akakirudisha baada ya siku nne, kikiwa na nywele. Mpwa wangu akaandika kosa. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba alikitumia. Vilevile mama wa duka la kona aliagiza mishumaa, nikamwongezea viberiti na kupunguza mishumaa ili boksi lifungike. Je, mshumaa unawashwa kwa macho?

4. Kwa hiyo naomba wateja nao wapimwe. Atakayeagiza kinyume na ninavyojua mimi apunguziwe alama, na akishuka chini ya tisini na nane, aje yeye kukaa getini.

5. Hili likishindikana, ninalo lingine. Mzigo uende kwanza, mteja aupokee, aufungue, kisha ndipo aandike oda kwa kutazama kilichofika. Tutapata mia kwa mia kila siku, hata Jumapili tukiwa tumefunga. Nilipomweleza mpwa wangu, alivua miwani akafumba macho kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anapiga hesabu.

Ndugu Meneja, meza ile naijua kuliko kitanda changu. Usinitoe.

Naishia hapa kwa heshima. Salamu kwa shemeji na watoto, kwa madereva wote, na kwa mlinzi wa getini, ambaye nasikia hana raha siku hizi.

Ni mimi,
Mfungashaji, Meza ya Pili

Nyongeza: Viatu vya kazi nilivyoagiza hapa hapa ghalani vimefika leo. Vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Nimevivaa tangu asubuhi ili niwe na ushahidi. Nadai aliyevifunga apelekwe getini leo hii, bila kusikilizwa, wala asiniletee habari za kiatu kimoja kuwa sahihi. Nilipofika hapo katika kuandika, nikamwomba mpwa wangu karatasi ya mzigo, nipate jina la mhusika. Ameniletea mwenyewe, na kwa mara ya kwanza humu ghalani akaniita Mjomba. Saini ya mfungashaji ni yangu. Sifuti nilichoandika. Naomba tu huko getini pawe na kiti.