Kampuni Imerudi, Sasa Inataka Baraza

Mwenzetu Bhombol hakungoja hata kukaa kitako, akaimwaga habari.

"Jamani, kumekucha! Mzee Sannyal mwenye nyumba anawakodishia Waingereza baraza letu. Kampuni ya chai, kutoka London! Fundi wao anakuja leo. Ila mzee kasema, asiyetaka apande kwake juu akamwambie kabla hajalala."

Baraza hili nimelikalia tangu nina meno ya utoto. Na mtaa wetu mzima wa Bagbazar unajua, Mzee Sannyal akishashushia wali na samaki, hajazaliwa wa kumwamsha.

"Kampuni tena?" Ponchu, mwalimu mstaafu wa historia tunayemwita Nawabu, yaani mtawala, akatua kikombe chake cha udongo kwa kishindo. "Wale Waingereza wa kwanza si walikuja na kampuni hivihivi? Wakaomba kaghala ka kuwekea vitambaa. Kufumba na kufumbua, nchi yetu nzima ya Bengali ikawa yao!"

"Hawakuvunja mlango, Nawabu. Walifunguliwa," Lebu muuza samaki akadakia. "Babu zako ndio walikuwa wakalimani wao."

"Babu zangu? Wako ndiye aliyewashikia mwavuli!"

"Lakini kwenye vita vya Plassey, tulipopigana na hiyo Kampuni, tulikuwa wengi kama siafu," nikachomekea. "Tulishindwaje?"

"Mvua ililowesha baruti!"

"Baruti gani, mwalimu!" Lebu akang'aka. "Nusu ya jeshi ilisimama kutazama, utadhani wako harusini wanangoja pilau!"

Chai ikaongezwa. Bhombol akauliza, "Sasa nani anapanda juu?"

"Aende msomi," akasema Lebu. "Mimi nanuka samaki."

"Mimi na ngazi, na goti hili? Halafu usinikatishe, hoja haijaisha." Nawabu akasimama, kidole juu. "Kampuni ilitumeza kwa sababu moja tu! Wabengali tulikuwa tunabishana, hakuna aliyenyanyuka kusema hapana. Safari hii, baraza hili watalichukua juu ya maiti yangu!"

Tukampigia makofi mpaka chai ikamwagika.

Juu, dirisha likafungwa. Punde mkoromo wa Mzee Sannyal ukatushukia. Tukatazamana.

Fundi akatokea na mkanda wa kupimia. "Shikamooni, wazee. Niinulieni miguu kidogo."

Tukainua. Wote, kwa adabu kabisa. Fundi akaangaza macho akitafuta wa kumshikia ncha ya mkanda.

Nawabu akaipokea.

"Nakushikia tu, kijana," akasema kwa ukali. "Ila ujue mimi napinga."