Hotuba ya Mheshimiwa Gichovi Akifungua Maabara ya Chembe Iliyozidi, Kiritiri

Chifu wetu mpendwa, manaibu wake, wachungaji wa makanisa yote, wazee wa mitaa, stakeholders wa hapa Kiritiri, wageni waliofunga safari kutoka Nkubu na Mitunguu, Mwalimu Gatakaa na wanafunzi wake wa Kidato cha Nne, itifaki zote zikizingatiwa; mimi, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Gichovi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maabara, nawasalimu kwa mara ya tatu. (Makofi ya wastani.)

Mabibi na mabwana, ulimwengu ulipoanza, maada, yaani vitu vyote mnavyoviona, nikiwemo mimi, ilikuja pamoja na pacha wake wa kinyume, antimaada, na hao wawili kila walipokutana walimalizana kabisa, ukabaki mwanga tu. Kama wangekuwa sawa kwa idadi, leo kusingekuwa na Kiritiri, kusingekuwa na mbuzi, na nasema kwa masikitiko, kusingekuwa na mwenyekiti. (Sauti kutoka nyuma: "Mbuzi tungewakosa.")

Lakini kwa kila chembe bilioni moja za antimaada, zilikuwepo za maada bilioni moja na moja, na hiyo moja iliyozidi ndiyo sisi. Kwa nini ilizidi? Wanasayansi wa dunia nzima wangali wanatafuta, ila kamati yangu ilifanya feasibility study, ikaenda benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, Mombasa wiki mbili, na tumeridhika asilimia tisini na tisa kwamba ni uongozi bora. (Kicheko.)

(Mwalimu Gatakaa anasimama: "Mheshimiwa, samahani. Hawa watoto wana practical ya fizikia mwezi ujao, na hawajawahi kushika hata lenzi. Maabara iko wapi?")

Swali zuri sana, mwalimu, na sayansi yenyewe inalijibu: maabara ilikutana na antimaabara. (Kicheko kirefu. Wanafunzi hawacheki.) Msinitazame hivyo, wanangu. Hata mimi inaniuma, na ndiyo maana nimeunda taskforce.

Maada juu! (Umati: "Juu.") Ziada kwa wote! (Umati: "Lini?")

Nimalizie kwa kumshukuru jirani yetu Mzee Nthiga, ambaye tangu tuzindue ujenzi amekuwa akilima ndengu ndani ya maabara kwa jembe la ng'ombe, kutoka mpaka huu hadi ule, bila kugonga ukuta hata mmoja, na ambaye amekubali watoto wafanyie practical yao humo humo, mradi wasimkanyagie ndengu.