Jinsi Fundi Saa Alivyorudi Nyuma Hatua Kumi na Mbili

Sogezeni viti, enyi wenye masikio mawili na subira walau moja! Zimeni redio, teremsheni sufuria, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari hii haikatizwi. Nawasimulia Fundi Saa, Mfufuaji wa Pasi, Bwana wa Bisibisi Tatu, na siku aliyosimama juu ya milima akatenda tendo ambalo majemadari huona haya kulitaja: alirudi nyuma.

Ilikuwa siku ya pili ya safari. Kando yake, ndani ya gari lake kuukuu, aliketi Kinyozi, rafiki yake wa miaka kumi na tisa, Mtawala wa Vichwa vya Mtaa Mzima, aliyekuwa akienda kumwona dada yake ng'ambo ya milima. Kinyozi angeweza kupanda basi. Lakini alikwisha kuwatangazia wateja wote, mmoja mmoja, wembe ukiwa shingoni mwao ili wasibishe, kwamba atapelekwa na fundi asiyeshindwa na chuma chochote kilichowahi kuyeyushwa duniani.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo, kwa maana gari lile kuukuu halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Wiki tatu kabla, Fundi alilifungua giaboksi, akalifunga kwa mikono yake mwenyewe, na alipomaliza akakuta kipande kimoja cha chuma kimebaki mezani, kidogo, king'avu, kisicho na haraka. Tangu saa ile gari lilikwenda mbele tu. Hakumwambia mtu. Aliogopa, na niseme wazi alichoogopa: katika mtaa ule mtu aliyemwamini bila kumcheka alikuwa mmoja, naye ndiye huyo aliyeketi kiti cha abiria akiimba.

Kwa hiyo aliendesha kwa hila za kivita. Walipolala, aliegesha pua ya gari ikitazama barabara, "ili adui akija tumkabili." Walipopotea njia mtoni, badala ya kurudi hatua tano, aliuzunguka mlima mzima kwa saa mbili na nusu, juu ya mawe yaliyowagonganisha vichwa na paa.

"Fundi, mbona tunazunguka?"

"Ewe Kinyozi, nchi kama hii haitazamwi upande mmoja."

Kinyozi akaitazama pande zote nne, akaridhika.

Basi ikawa, saa sita mchana, katika mteremko mwembamba, mwamba kushoto na korongo lisilo na adabu kulia, likatokea lori. Lilikuwa likipanda, limesheheni kabichi, likikohoa moshi. Yakasimama pua kwa pua. Dereva wa lori alikuwa mama wa makamo mwenye kitambaa cha manjano kichwani, naye akachungulia dirishani.

"Baba, rudi kidogo. Nyuma yako pana nafasi ya kupishana, hatua kumi na mbili tu. Mimi nina mzigo, siwezi kurudi."

Sheria ya milima ilikuwa upande wake. Fundi Saa akashuka, akapanda jiwe, akanyoosha mkono.

"Ewe Mama wa Kabichi Elfu! Nimevuka mito miwili na makorongo matatu, na tangu nitoke kwangu gurudumu hili halijakanyaga lilikotoka! Sirudi nyuma! Baba yangu hakurudi nyuma, na babu yangu..."

"Babu yako alikuwa na gari?"

"Hakuwa nalo."

"Basi mwache apumzike."

Mama akazima injini. Utingo wake, mzee mwenye mvi ndevuni, akaweka jiwe nyuma ya tairi, na mama akatoa sindano na uzi mwekundu, akaendelea kufuma soksi.

Ndivyo yalivyoanza Mazingiro Makuu. Soksi ilikuwa kwenye vidole. Ikafika katikati ya unyayo. Fundi alihutubia mara tatu, na kabichi za juu zikaanza kunyauka. Soksi ilipofika kisiginoni, Kinyozi, ambaye muda wote alikuwa juu ya boneti akimshangilia rafiki yake, alishuka akamvuta kando.

"Ndugu yangu, umeshashinda, kila mtu ameona. Sasa turudi, dada amepika tangu asubuhi."

Fundi akatazama korongo, akatazama viatu vyake. Wapo waliokabili simba kwa mkuki. Yeye alikuwa na neno moja tu, nalo lilikataa kutoka.

"Halirudi," akasema.

"Nini?"

"Gari. Halina gia ya nyuma. Nililitengeneza mwenyewe, nikaliharibu mwenyewe."

Sindano za mama zikasimama.

"Ndiyo maana tulizunguka mlima?"

"Ndiyo."

"Saa mbili?"

"Na nusu. Na wewe umewaambia watu wote kwamba mimi sishindwi na chuma."

Kinyozi akajikuna kidevu. "Fundi, ile redio uliyonitengenezea haijashika stesheni hata moja. Pasi ya mke wangu inapoza nguo. Saa ya dukani inakwenda vizuri mpaka saa nne, halafu inafikiri. Unadhani sijui?"

"Sasa mbona unanisifu?"

"Kwa sababu nikikuita unakuja. Mafundi wanaojua kazi wako watatu pale mtaani, na hakuna hata mmoja anayekuja."

Fundi akafuta macho, akasingizia vumbi.

"Mmemaliza?" mama akauliza. "Si mngesema tangu niko kwenye vidole! Usukani nipeni mimi. Nyinyi sukumeni."

Wakashusha mizigo, wakaegemea boneti: Fundi, Kinyozi na utingo, watatu dhidi ya mlima. Hatua ya kwanza iligharimu vifungo viwili vya shati la Kinyozi. Hatua ya nne utingo aliwataja wazazi wake wote wawili. Hatua ya saba gari lilitaka kurejea mbele, nao wakalizuia kwa mabega, kwa vifua na, upande wa Kinyozi, kwa kidevu. Ya kumi, hakuna aliyehesabu. Ya kumi na mbili, likaingia kwenye nafasi na kutulia, na lori likapita likipiga honi mara tatu, kabichi zikitikisa vichwa.

Walifika jua likielekea kuzama. Dada akatoka mlangoni, mikono kiunoni, akauliza walikuwa wapi. Kinyozi, vumbi hadi kwenye nyusi, akamnyooshea kidole Fundi Saa.

"Huyu," akatangaza kwa sauti iliyowatoa majirani nje, "ameirudisha motokaa nzima nyuma kupanda mlima, kwa mikono yake!"

Andikeni basi, enyi wenye kalamu. Kwa miaka kumi na tisa Kinyozi alimsifu rafiki yake kila siku ya Mungu, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza isiyokuwa na chumvi hata punje.