Gari la Kanisa Limekataa Mafuta

Jumatatu, Agosti 10, 1992

Nimekwisha. Gari halitembei.

Naandika kwa Kiswahili na kwa mwandiko mdogo sana, ili Baba akilipata daftari hili achoke upesi.

Gari si langu. Hata si letu. Ni gari dogo jekundu, urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Linaendeshwa kwa rimoti na linakunywa mafuta yake ya pekee kutoka chupa. Ndugu yake Pasta Ndeti, anayefanya kazi melini, amelitoa kwa kanisa letu hapa Matinyani. Jumapili litapigwa mnada kwa harambee ya mabati. Baba ni mzee wa kanisa, kwa hivyo likaletwa kwetu litunzwe. Akasema atakayeligusa atamjua yeye, Musyoka, ni nani.

Nililigusa Jumamosi, wote wakiwa mazishini. Lilizunguka ghala mara tano, likilia kama nyuki elfu. Raha! Kisha likagonga ghala. Kidogo tu. Tangu hapo linawaka, linakohoa, linazima.

Na Pasta ametangaza kwamba kabla ya mnada litazunguka kanisa, watu waone. Likikataa, Baba atauliza. Akiuliza nitasema, maana uso wangu haujui kuficha. Nikisema, nitasimamishwa mbele ya kanisa nitubu. Ndinda, msichana wa kwaya, alisimamishwa mwaka jana kwa sababu ya kwenda disko. Maikrofoni! Watu mia tatu! Mimi hata mwalimu akiita rejista hujibu kwa kuinua kidole.

Kitabu cha gari ni cha Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni kizuri kikiwa kwa karatasi. Kinasema: likiwaka na kuzima, mafuta hayafiki kwenye injini. Mpango: kusafisha tangi.

Jumanne, Agosti 11

Nimesafisha tangi vile Nyanya alivyonifundisha kusafisha kibuyu cha maziwa. Maji ya mtoni, mchanga, changarawe kidogo, funika, tikisa mpaka mkono uchoke. Lilitoka liking'aa. Nikajisifu.

Sasa gari halikohoi hata. Nimevuta kamba ya kuwashia mara arobaini nyuma ya choo. Kiganja kimetoka lengelenge. Mwisho nikachungulia ule mpira mwembamba unaopeleka mafuta kutoka tangi hadi kabureta. Katikati yake kuna filta, ndogo kama punje ya maharagwe. Imejaa mchanga. Mto mzima umo ndani!

Mama ni nesi wa dispensari. Aliuliza kwa nini nashinda chooni. Nikasema tumbo. Akanipa dawa ya minyoo. Nikameza.

Jumatano, Agosti 12

Nilichokoachokoa kwa pini. Mchanga ukagoma. Nikaunyonya kwa mdomo. Ukatoka, na mafuta yakaja nao. Nikatema, nikasukutua mara ishirini, ulimi unawaka moto. Ndipo nikageuza ukurasa wa kitabu: mafuta hayo ni sumu, yaweza kupofusha. Kwa nini hilo hawaliandiki ukurasa wa kwanza?

Nimehesabu vidole vyangu mchana kutwa. Kumi. Kumi. Mara moja nikapata kumi na kimoja, nikalia, nikahesabu tena.

Jioni, maombi ya nyumbani. Baba akaiacha zaburi katikati. Akanusa. Akaniambia nipumue. Mafuta hayo yananuka pombe kali, na Baba anaijua harufu hiyo tangu kabla hajaokoka. Akauliza kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, ni nani anayeniuzia.

Nikasema jino. Nikasema linaniuma, nimelipaka spiriti.

Baba akashusha pumzi mpaka kurasa za Biblia zikapepea. Mama naye akafurahi kusaidia: mng'oa meno anakuja dispensari Jumamosi. Ameniandika wa kwanza.

Alhamisi, Agosti 13

Kivuva amenifuma. Binamu yangu huyu ana miaka kumi na saba, hutengeneza baiskeli sokoni na hujiona injinia wa ndege. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniita Mama Ekzosti. Akasema, "Wewe Mbinya, salamu zenyewe zinakushinda, injini ndiyo utaiweza?"

Nikamwomba asiniseme. Yeye akasema kunyamaza kwake kuna bei: nimchotee mitungi miwili ya maji kila asubuhi mpaka shule zifunguliwe. Nikakubali.

Basi akautumbukiza mpira wa mafuta ndani ya beseni, akaupuliza, vile anavyotafuta pancha. Viputo! Umetoboka. Injini inanyonya hewa badala ya mafuta. Akauliza ni mjinga gani aliyeutoboa. Nikatazama pini yangu.

Mpira mwingine nimeukata kwenye dripu kuukuu ya dispensari ambayo Mama amefungia miche yake ya nyanya. Nyanya zimelala chini. Nitasema ni mbuzi.

Ijumaa, Agosti 14

Mpira mpya. Filta safi. Tangi limejaa. Liliwaka! Likakohoa. Likazima.

Vilevile kama Jumatatu!

Niliketi chini mavumbini. Kivuva akasema injini imekufa, poleni wafiwa, akauliza kama nina gauni la kutubia. Nikaligeuza gari juu chini.

Kisha nikaona. Kuna mpira wa pili! Huu unatoka ekzosti, bomba la moshi, hadi kifuniko cha tangi, unaleta nguvu ya moshi isukume mafuta. Ulikuwa umechomoka. Umekuwa ukining'inia tangu lilipogonga ghala. Niliurudisha kwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Gari likaruka, likamfukuza jogoo mpaka barabarani.

Kivuva anasema ni yeye aliyelitengeneza. Sawa. Sifa sizitaki. Sifa husemwa mbele ya watu.

Jumamosi, Agosti 15

Nilimwambia Mama jino limepona. Akasema maumivu yakipotea ghafla hivyo ndiyo mabaya zaidi.

Mng'oa meno akauliza ni lipi. Nikamwonyesha la nyuma kabisa, ambalo hatujuani sana. Akasema mbona hili ni zima. Nikasema linauma kwa ndani. Sasa linauma, kweli kweli, pale lilipokuwa. Shavu limekuwa andazi.

Lakini gari liko ndani ya sanduku, zima. Hakuna atakayejua. Kesho nitaketi benchi la nyuma.

Jumapili, Agosti 16



Baada ya ibada Pasta Ndeti aliliweka gari uwanjani. Akavuta kamba. Akavuta. Kimya. Kivuva akajitokeza, akakunja mikono ya shati, akavuta mpaka jasho likamtiririka. Hajui kwamba plagi hupashwa moto kwanza kwa betri. Watu wakaanza kumcheka. Mzee mmoja akamwambia, kijana, hilo si baiskeli. Kivuva akageuka akapaza sauti: "Si mumwulize huyu Mbinya! Yeye ndiye huliwasha!"

Macho mia sita. Miguu ilienda yenyewe. Nikapasha plagi, nikavuta mara moja. Likazunguka kanisa mara tatu, akina mama wakipiga vigelegele. Baba hakulitazama gari. Alinitazama mimi.

Pasta akaniletea maikrofoni, akauliza nimejifunzia wapi. Hilo tu! Ningesema kitabuni nikaketi. Nilikiri yote. Ghala, mchanga, spiriti, minyoo, nyanya, jino. Nikapitiliza hadi sukari niliyoiba wakati wa Krismasi, ambayo hakuna aliyekuwa ameiuliza. Mdomo ulikataa kufunga, na shavu lile likanifanya niseme kama mtu mwenye kiazi moto.

Kicheko. Kisha makofi! Pasta akasema huo ndio ushuhuda wa mwaka. Watu wakachanga ili gari lizunguke tena, na tena, mpaka Pasta akaufuta mnada. Halitauzwa. Jumapili ijayo litakwenda kuchangisha katika kanisa la Matiliku.

Pamoja na mimi. Nikatoe ushuhuda.

Jumatatu, Agosti 17

Baba hakunipiga. Aliniambia kwamba aliyeng'oa jino langu ni uongo, na kwamba ukweli nimeusema mbele ya watu wote na bado ninapumua. Nikasema ndiyo, Baba. Nimeelewa kabisa, Baba.

Gari limerudi kwetu. Kivuva anasema Matiliku kuna watu mia tano na spika nne. Anasema huku akitabasamu. Siwezi. Nitazimia, nitaangukia maikrofoni.

Mpango: mafuta nimeyakoma, siyagusi. Nimetoa tu betri za rimoti. Bila betri hakuna rimoti, bila rimoti hakuna safari. Baadhi ziko ndani ya gunia la ndengu. Mbili nimezificha mahali ambapo hakuna mtu atafikiria kutafuta: ndani ya redio ndogo ya Baba, iliyokufa tangu Juni.

Saa moja jioni. Taarifa ya habari inasikika mpaka kwa jirani. Baba anacheka peke yake sebuleni. Anauliza ni nani mwenye moyo mzuri aliyemnunulia betri.

Nimesema ni Kivuva.

Anavaa viatu. Anakwenda kumshukuru.