Sindano Niliyoililia Mwenyewe

Leo nimeaibika mbele ya benchi zima la wagonjwa, suruali ikiwa magotini. Nawasimulia mwenyewe kabla Kariakoo haijawasimulia, maana kule habari zina mbio kuliko bodaboda.

Nimeamka na homa, kichwa kinagonga. Nikameza parasetamo mbili, nikaenda kufungua duka langu la vitenge. (Mgonjwa mwenye akili angelala. Mimi nilikuwa na mteja wa sare za harusi.)

Saa tatu, Mama Shani, jirani yangu anayeuza mashuka, akanikuta nimeegemea marobota. "Baba Neema, pole! Meza hivi." Vidonge viwili kutoka kwenye pochi yake. Baadaye kidogo akaja Mzee Kassimu wa mabegi: "Hivyo vya Mama Shani vya kitoto. Shika hivi vya mafua." Viwili, vyekundu. Kisha Juma, mchukuzi wetu wa mizigo, akaleta viwili vya mgongo, vimekatwa kwenye karatasi yake hata jina halionekani.

Mnaijua desturi yetu. Ukikataa dawa ya jirani, umekataa na pole yake. Nikameza vyote. (Mimi huyuhuyu ambaye humweleza mteja mara tatu namna ya kufua kitenge kisichuje!)

Saa tano na nusu bado nawaka. Mama Shani akafunga duka, akanisindikiza zahanati. Yeye akabaki kwenye benchi, mimi nikaingia kwa daktari. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akataka kuniandikia vidonge huku akiendelea kuchunguza.

"Daktari, vidonge natapika vyote. Niandikie sindano."

Uongo mtupu! Lakini niliamini, kama wengi wetu, kwamba kwenda kutibiwa bila kuchomwa sindano ni matembezi tu. Akaniuliza kama nimekunywa dawa yoyote leo. Nikasema hapana. Na hapo, kwa kweli, sikuona kama nadanganya. Kwangu dawa ni ile uliyoandikiwa. Vidonge vya jirani ni salamu.

Chumba cha sindano kimetenganishwa na benchi kwa pazia tu. Nesi, binti mpole, akaniamkia, "Shikamoo, baba," akavuta dawa. Nikashusha suruali, nikageuka, nikafumba macho. Mara Mama Shani akapaza sauti kutoka upande wa pili:

"Mchome tu, mwanangu! Vidonge vyetu vyote sita vimeshindwa!"

Nesi akasita. "Vidonge gani, mama?"

Akafungua pazia amsikie vizuri. Jamani! Watu wasiopungua saba wakanitazama nilivyo. Mama Shani akahesabu kwa vidole. Akampigia Mzee Kassimu asome paketi, simu kaiweka spika. Juma naye akatafutwa, akasoma kipande cha karatasi alichobaki nacho, chenye jina. Mimi nikaongeza, kwa sauti ndogo, viwili vya nyumbani.

"Mjomba, pandisha kwanza suruali ndipo uendelee na hesabu," akasema dada mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Daktari akaja. "Lakini si uliniambia unatapika?"

"Kutapika?" Mama Shani akashangaa. "Huyu? Amekula chapati mbili na supu!"

Benchi likaangua kicheko.

Nesi hakucheka. Aliiweka sindano chini, akaniketisha. "Baba, vyote vinane vina parasetamo, majina tu ndiyo tofauti. Na hii ya sindano ni parasetamo hiyohiyo. Sindano si dawa kali zaidi, ni mlango mwingine tu wa kuingilia. Kiwango cha siku nzima umekimaliza kabla ya adhuhuri. Ningekuongezea, ningekuwa naliumiza ini lako. Na ini likiumia, siku ya kwanza huwezi hata kujua."

Sindano ilikuwa imebaki shibiri moja tu inifikie, na uongo ule nilikuwa nimeutunga mwenyewe, kwa kujiamini kabisa.

Wamenitoa damu, wakanibakiza hadi jioni wakiniangalia. Majibu ya kwanza ni mazuri, ila kesho nirudi wanipime ini tena.

Ndugu zangu, ukiulizwa umekunywa dawa gani, taja hata kidonge cha kupewa dukani. Anayeshika sindano hapigi ramli.

Kesho narudi na Mama Shani. Nimemwomba aingie nami kwa daktari, maswali yote ayajibu yeye.